Vuli ya Baba Mkwe

Ukutani kwa baba mkwe wangu ilitundikwa kalenda ya duka la vipuri vya magari, na kalenda hiyo ilisema Oktoba kama kalenda nyingine zote za Maskati. Yeye hakuitazama. Yeye alikuwa na vuli. Joto likianza kulegea, siku ile ya mwanzo ambapo mtu hufungua dirisha asubuhi na upepo usimchome uso, alinyanyua simu akatupigia mjini. "Vuli hiyo imeingia," alisema. "Ijumaa mje." Hakuuliza kama tuna nafasi, na kabla sijasema kitu alikuwa amekwisha kukata.

Aliyekulia Unguja au Pemba, kama yeye, hahitaji kuelezwa vuli ni nini. Ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka, na kabla hazijashuka watu husafisha mashamba na kutayarisha ardhi. Maskati haina vuli. Mvua yetu huja inapotaka, aghalabu wakati wa baridi, na miaka mingine haiji kabisa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimweleza haya kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu. Nikamwambia, Baba, hapa hakuna vuli, na hata hiyo kharif wanayoisema wenyeji, mvua yao ya manyunyu, ni ya Salala, na Salala ni mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha akanikabidhi ufagio.

Naandika habari zake kwa sababu hasira niliyokuwa nayo juu yake haijaisha na sijapata pa kuipeleka. Jamaa zake wakimtaja hufuta machozi. Mimi akitajwa, kwanza huniuma mgongo.

Nyumba yake ilikuwa Yiti, nyuma ya mitende, mahali ambapo milima inaachia nafasi kidogo kabla ya kufika pwani. Sisi tulikaa Ruwi, mjini, katika fleti ya orofa ya tatu. Miaka ya tisini njia ya Yiti ilikuwa ya changarawe, inapanda na kushuka milimani, na gari letu lilipofika lilikuwa jeupe kwa vumbi. Mimi na mume wangu sote tulikuwa watumishi wa serikali. Alhamisi, siku ya kwanza ya mapumziko ya wiki, ilikuwa ya kufua, kununua chakula cha wiki na kuwashughulikia watoto. Ijumaa ingekuwa yangu, lakini tangu joto linapolegea mpaka baridi inapokolea, Ijumaa ilikuwa ya baba mkwe.

Kazi ya kwanza daima ilikuwa uwanja. Alitaka uwanja mweupe. Mchanga mtupu, usio na jani wala kijiti, umefagiliwa kwa mistari iliyonyooka kutoka mlangoni mpaka getini. Yeye hakusema kufagia, alisema kufyagia, na sisi ambao wazee wetu walitoka Tabora tukisema kufagia alitutazama kwa huruma. Ufagio ulikuwa wa njiti, mfupi, wa kuinamia. Nilimnunulia ufagio wa mpini mrefu, akaushukuru sana, akautundika stoo kwenye msumari wake maalumu, na hapo ulibaki mpaka panya wakaula. Mtu alipaswa kufagia akirudi kinyumenyume ili asiache nyayo zake. Nilianza mlangoni nikarudi nyuma mpaka getini, nikiwa nimejifunga kanga mbili, jasho linanitiririka, na nilipofika getini nikanyoosha mgongo, yeye alikuwa tayari anakuja, mikono nyuma, anapita pembeni ya ukuta ili asiharibu mistari, macho chini.

"Khalas, Baba?" mume wangu aliuliza.

"Pale bado," alijibu, akaonyesha.

Kila mara alipata pale. Sikumsikia hata siku moja akisema kwamba kazi imekwisha.

Na katikati ya uwanja huo aliotaka uwe mweupe alikuwa na mkungu, ule mti ambao wenyeji huuita bidam, mkubwa, uliotanda kama paa. Mkungu hupukutisha majani yake wakati huohuo baba mkwe aliouita vuli. Jani la mkungu ni kubwa na gumu, hugeuka jekundu, hudondoka moja moja, na unalisikia likigusa chini. Nilikuwa nikifika getini nageuka kutazama nilipotoka, nakuta majani mapya yamelala kwenye mistari yangu. Nilimwomba tuusubiri mti umalize kupukutika, kisha tufagie mara moja. Mume wangu aliwahi kumwambia aukate matawi. Alituangalia sote wawili, akamwambia mkewe, "Watoto hawa wana haraka." Mama mkwe alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, akasema, "Wana haraka ya kwenda kwao," na hapo mazungumzo yaliishia.

Mtu angedhani alikuwa mkulima. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa miaka miwili. Kumbe huko Unguja alikuwa fundi saa, mjini, dukani, na maisha yake yote alikuwa amekaa juu ya kiti na kioo cha kukuzia kimembana jichoni. Siku moja anatufundisha namna ya kushika jembe, anasema kule kwetu tulikuwa tukishika hivi, mama mkwe alicheka mpaka akaweka sinia chini. "Huyu?" alisema. "Huyu shamba akenda na soksi. Akenda kula madafu na kurudi na gari. Jembe kaliona hapa Oman." Baba mkwe hakukasirika. Alisema, "Nilikuwa nnatazama," akaendelea kutufundisha.

Basi tulikuwa tunalimishwa na mtu aliyejifunza kulima kwa kutazama wengine wakilima, utotoni, kwa mbali, huku anakunywa dafu. Tukisha kujua hilo, kila kosa lake lilitukera mara mbili. Alipanda vitunguu thomu karibu karibu mno vikabanana. Alitutaka tukate makuti makavu ya mitende, lakini yeye mwenyewe aliogopa ngazi, akawa anasimama chini anampigia kelele mume wangu, kata hilo, siyo hilo, la kulia kwangu, na kulia kwake kulikuwa kushoto kwa aliye juu. Alimwaga dagaa wakavu kwenye mashina ya mitende kuwa mbolea, kama wafanyavyo watu wa pwani ile, na hilo lilikuwa sawa, ila dagaa wenyewe aliwasafirisha ndani ya gari langu kwa sababu yeye hakuwa na gari. Nilipolalamika kuhusu harufu aliliogesha gari kwa marashi ya waridi. Wiki nzima nilikwenda kazini ndani ya harufu ya dagaa waliovaa marashi.

Lakini ungeona alivyovitunza vyombo. Jioni, kabla ya sisi kuondoka, alikaa barazani na kitambaa na kichupa cha mafuta, akafuta panga, akafuta majembe, akatia tone moja la mafuta kwenye kiungo cha mkasi wa kukatia matawi, akaufungua na kuufunga karibu na sikio lake, anausikiliza. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na havikutetemeka. Nilimtazama akifanya hivyo nikajiuliza kwa nini mtu mwenye mikono kama hiyo anajitesa na udongo, na kwa nini lazima atutese na sisi pamoja naye.

Muhogo ulikuwa kichaa chake kikubwa. Kila vuli alipanda vipande vya muhogo nyuma ya nyumba, katika ardhi ya mawe ambayo maji ya kisima chake, yenye chumvi kidogo, yalikuwa yakiiacha na ukoko mweupe. Tulitoa mawe kwa karai. Tulitoa mawe mwaka uliofuata, na mawe yalikuwa mengi vilevile, sijui yalikuwa yakitoka wapi. Muhogo uliota, ukatoa majani mazuri, na tulipochimba tukapata mizizi myembamba kama vidole vya mtoto, yenye nyuzi. Aliichemsha kwa tui la nazi, akatukaribisha kwa furaha ya mtu aliyechinja ng'ombe. Tulitafuna, tukatoa nyuzi menoni. "Mwakani utanenepa," alisema. "Mwaka huu mvua ilichelewa." Mvua haikuchelewa. Haikuwapo.

Yapo mambo aliyoyafanya ambayo hata sasa nikiyasimulia nyumbani kwetu watu hushika mbavu, lakini siku yenyewe mimi sikucheka. Wazazi wangu walikuja Yiti kwa mara ya kwanza. Mama yangu alivaa nguo yake nzuri. Baba mkwe alikuwa amesisitiza waje Ijumaa hiyohiyo, kwa sababu ndiyo siku ya kuletewa samadi ya mbuzi, na alitaka samadi ifike asubuhi mapema, imwagwe, isambazwe, uwanja ufagiliwe, kisha wageni wapokelewe. Alikuwa amepatana na dereva wa pickup, Mwarabu wa palepale kijijini. Alimwambia aje saa moja. Alimwambia kwa Kiarabu, na akafasiri neno kwa neno, saa wahda. Kwetu sisi saa moja ni jua linachomoza. Kwa dereva yule saa moja ni saa saba yetu ya mchana.

Asubuhi yote samadi haikuja. Tulifagia uwanja tukaumaliza, wanaume wakaenda kuswali Ijumaa wakarudi, mikeka ikatandikwa chini ya mkungu, pilau likaja. Mama yangu alikuwa ndiyo kwanza ametia tonge mdomoni, getini pakasikika honi. Pickup ikaingia kinyumenyume juu ya mistari yangu yote, ikainua mgongo, ikamwaga. Upepo ulikuwa unatokea upande huo. Mama yangu alifunika sahani yake kwa mtandio. Baba mkwe aliinuka, akamwendea dereva, akamwonyesha saa yake ya mkononi, saa aliyoitengeneza mwenyewe na ambayo haikuwahi kupotea hata dakika moja, akamwambia kwa Kiarabu kwamba amechelewa. Dereva akaonyesha saa yake na yeye. Walisimama hapo wanaonyeshana saa, wote wawili wakiwa na haki, na mimi nilitamani ardhi ile ya mawe inimeze.

Wageni walipokwisha kuondoka alinifuata jikoni. Nilikuwa naosha vyombo kwa kishindo ili asikie.

"Mwanangu, umekasirika."

"Hapana, Baba."

"Umekasirika. Una haki." Akachukua kitambaa akaanza kufuta vikombe, mtu ambaye jikoni haingii. Alifuta kimoja kimoja na kukitazama kwenye mwanga. Alipomaliza alisema, "Samadi yenyewe lakini nzuri, wallahi. Mkihamia huku mtaona."

Mkihamia huku. Hapo ndipo penye kisa chote, na mengine niliyoyaeleza yamezunguka hapo.

Maana hakuwa akitaka uwanja mweupe kwa ajili yake. Kila kitu alichotufanyisha kilikuwa ni matayarisho. Mkihamia huku, watoto watacheza hapa. Mkihamia huku, thomu hamtonunua dukani. Alilisema hilo wakati wa chakula, kila Ijumaa ya kila vuli, bila ya kutulazimisha, kama mtu anayetaja jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Na kila alipolisema, mume wangu, mtoto wake wa pekee, aliinamisha kichwa akasema, "Inshallah, Baba."

Sisi hatukuwa tunahamia. Mume wangu hakutaka, mimi sikutaka. Kazi zetu zilikuwa mjini, shule za watoto zilikuwa mjini, na mimi nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba sitaishi mahali ambapo kila asubuhi nitaamka na kusikia jani la mkungu likidondoka. Tukiwa njiani kurudi Ruwi, mchanga umetujaa viatuni, tuligombana.

"Mwambie," nilimwambia.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hatuji."

"Kwani nimesema tunakuja? Nimesema inshallah."

Kwetu, kwa baba yangu, inshallah ilikuwa mlango wa nyuma. Akialikwa harusi asiyotaka kwenda husema inshallah, na aliyemwalika huelewa, na hakuna aliyevunjika moyo. Nadhani mume wangu aliitumia vivyo hivyo, kama tunavyoitumia wengi wetu Maskati mtu akitutaka kitu na sisi hatuna uso wa kukataa. Lakini baba mkwe hakuwa hivyo. Nilimwona kwa macho yangu akimwambia jirani, inshallah nitakuletea ndimu, kisha akala, akaswali, akatia ndimu ndani ya mfuko na kutoka kwa miguu kwenye jua kali, kwa sababu alikwisha kusema. Mama mkwe alinisimulia kwamba dukani kwake Unguja, mteja akiambiwa inshallah kesho, fundi hakuinuka kitini mpaka saa ile itembee. Kwake yeye neno hilo lilikuwa ni ahadi iliyowekewa shahidi mkubwa kuliko wote. Mwanawe amekua mbele ya macho yake anajua hivyo, na bado alikuwa akilisema kila Ijumaa, mdomo umejaa wali.

Kwa hiyo akajenga. Tulifika vuli moja, barabara wakati huo imekwisha kutiwa lami, tukakuta msingi nyuma ya uwanja. Mwaka uliofuata vyumba viwili vilikuwa vimesimama, vina milango ya kijani na madirisha yanayotazama mkungu. "Vyumba vyenu," alisema. Alikuwa amechagua upande usiopigwa na jua la mchana. Ndani alikuwa ameweka kabati. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama dari, akasema kazi nzuri, Baba, kazi nzuri kweli. Siku hiyo nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Niliwakasirikia wote wawili, huyu asiyeweza kusema na yule asiyeweza kusikia, na katikati yao mimi na ufagio, nasafisha mbele ya vyumba ambavyo sitalala.

Sikusema mimi kwa sababu hayakuwa yangu kusema. Mkaza mwana hamvunji mzee wa watu mbele ya mwanawe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mara nyingi nimewalaumu walionilea.

Si kwamba hakuwa mwema. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa mwisho aliniwekea kiti kivulini, akatia na mto, akanikataza kuinama. Nikashukuru Mungu, Ijumaa moja nitapumzika. Baada ya muda mfupi alikuja na sinia la thomu ili niwe nachambua punje za kupanda, maana mikono haina mimba. Mtoto alipozaliwa alitujia Ruwi kwa teksi, akapanda orofa tatu, akaleta gunia la ndimu na kuku wawili wazima, akamtia mtoto adhana sikioni kwa sauti ndogo kabisa, ile ya mtu anayeogopa kugusa gurudumu dogo la ndani ya saa. Kisha akatazama nje dirishani, majengo na antena, akaniambia, "Mnaishije hapa, mwanangu? Hata pa kufyagia hamna."

Mama mkwe alifariki. Baba mkwe akabaki peke yake Yiti, na jirani mmoja mwanamke akawa anampelekea chakula cha mchana. Tulimwomba aje kukaa nasi. Mume wangu alimwomba kwa machozi. Alitushangaa. "Nije huko, na nyinyi mkija huku mkute nyumba imefungwa?" alisema. Mume wangu alifungua mdomo. Niliuona mdomo ule ukifunguka na nikangoja, nikasema moyoni, leo atasema. "Inshallah kheri," alisema, akatoka nje. Vuli hiyo tulifagia, tukapanda thomu, tukatoa mawe. Na iliyofuata.

Kisha ukaja mwaka ambao simu haikulia.

Nilifungua dirisha asubuhi moja, upepo haukunichoma, nikaitazama simu. Ijumaa ilipofika nililala mpaka jua likapanda, nikanywa chai kitandani, nikasoma gazeti. Nilikuwa nimeingoja Ijumaa ya namna hiyo tangu niolewe. Ijumaa ya pili pia haikulia. Tulikuwa tunampigia katikati ya wiki kumjulia hali, alisema mzima, alhamdulillahi, na vuli hakuitaja. Mume wangu alisema labda mzee amechoka, tumwache apumzike. Ijumaa ya tatu nilikaa na chai yangu kitandani na nikaona sina raha nayo hata kidogo, na hilo nalo likaniudhi, kwamba mtu yule ameweza kuniharibia hata mapumziko. Mume wangu alikuwa zamu. Niliwaacha watoto kwa mama yangu nikachukua gari.

Geti lilikuwa wazi. Uwanja ulikuwa umefunikwa. Majani ya mkungu yalijaa kuanzia barazani mpaka ukutani, mekundu juu, meusi chini, na juu yake palikuwa na njia moja nyembamba aliyoikanyaga yeye kwenda kisimani na kurudi. Alikuwa amekaa juu ya benchi, mbele ya ile milango ya kijani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amepungua. Nikambusu mkono.

"Vuli haijaingia mwaka huu, Baba?"

"Imeingia."

"Mbona hukupiga simu?"

Aliigeuza fimbo mikononi. "Nimechoka kuwaita," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu kwamba amechoka kupanda ngazi. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mnahamia lini?"

Mume wangu hakuwapo kusema neno lake. Tulikuwa mimi na yeye na jirani anayeteka maji nyuma ya ukuta. Nilikaa benchini karibu yake.

"Hatuhamii, Baba."

"Mwaka huu."

"Hatuhamii kabisa. Kazi zetu ziko mjini. Watoto wako mjini. Hatutahamia."

Aliangalia saa yake ya mkononi, sijui kwa nini, akaifuta kioo kwa kidole gumba. Nilingoja anikasirikie. Ningefurahi angenikasirikia.

"Lakini alisema inshallah," alisema.

"Anakupenda. Hawezi kukwambia hapana."

"Aaa." Aligeuka akaitazama ile milango ya kijani, akaitazama kwa muda mrefu, kama anaipimia kitu. "Ningejua," alisema, "ningefuga mbuzi humo."

Hapo nilishindwa kukaa. Niliinuka nikaenda stoo nikachukua ule ufagio mfupi, nikaenda mlangoni mwa nyumba kubwa, nikainama. Majani ya chini yalikuwa yameoza na kugandana, ilibidi niyakwangue. Nilifagia nikirudi kinyumenyume, nalia, na ninalia kwa hasira, nataka ieleweke hivyo. Hasira ya Ijumaa zote zile, ya mawe, ya muhogo wenye nyuzi, ya mume wangu na inshallah yake, na ya mzee huyu aliyekaa miaka yote anamngoja mtu ambaye haji, asiulize, anapanda thomu. Nilikusanya majani marundo marundo nikayatia moto nje ya geti. Nilifagia tena pale palipokuwa na alama. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu niliponyoosha mgongo, na mistari ilikuwa imenyooka kutoka mlangoni mpaka getini, na nilijua kuwa imenyooka.

Aliinuka. Akaja akipita pembeni ya ukuta, polepole, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine nyuma, macho chini. Akasimama karibu yangu getini.

"Ijumaa ijayo mnakuja?" aliuliza.

Neno likanijia mdomoni lenyewe, kama linavyotujia sote. Nililizuia.

"Nitakuja," nilimwambia. "Saa moja. Ya Kiswahili."

Alitikisa kichwa. Akautazama uwanja wote mara moja, kisha akanyanyua fimbo yake akaielekeza nyuma kabisa, kwenye benchi, mbele ya ile milango ya kijani, pahala nilipopazunguka asubuhi yote bila ya kupagusa.

"Pale bado," alisema.

Nikaurudia ufagio wangu, nikaenda kufagia mbele ya vyumba vyetu.